Filimbi Ikilia, Elekeeni Mlimani

Runingu, tarehe 3 Mei 2023

Kwako binti yangu Élisabeth,

Unisamehe kwa kimya changu. Barua yako ya Februari niliipokea, nikaisoma, nikaiweka chini ya Biblia, na kila nilipotaka kuijibu nilijikuta nakwenda kupalilia mihogo ambayo haikuwa na magugu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huandika ovyo. Sasa nimeona kwamba kunyamaza ni ovyo zaidi.

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia. Nakuombea afya, wewe na mjukuu wangu Noella, na nyumba yenu hapo Kilibula. Je, bado anaamka usiku akikaa kitako? Niambie kweli, usinipake mafuta.

Sasa neno lako. Unataka kuwapeleka wanafunzi wako wa darasa la sita kwenye mdomo wa Ruzizi, pale unapoingia ziwani, walale huko usiku mmoja, waone viboko, na ndege kama mwari na korongo asubuhi. Unataka niwatayarishe kwa kuwa niliwahi kuwa direkta wa shule hiyo. Nakujibu kama mtu aliyezaliwa kando ya mto huo. Kiboko usiku hutoka majini kwenda kula majani nchi kavu, na alfajiri hurudi. Akirudi hana subira. Anayesimama kati yake na maji hakuna wa kumwombea. Watoto hawa wa mjini wanamjua kiboko wa kwenye kitabu, aliyesimama vizuri akiangalia kushoto.

Nina maswali. Mtalala wapi? Choo kiko upande gani, na ni nani atawasindikiza? Nani atakesha? Mna idhini ya wazazi wote? Usiniandikie kwamba Mungu atasaidia. Mungu amekwisha kukupa kichwa.

Sikukatazi. Natambua kwa nini unaitaka safari hii. Tangu maji yalipomchukua dada yako Apollinarie, mwanawe Noella hajatembea tena ufukweni. Ila kabla ya kwenda, walaze kwanza usiku mmoja uwanjani pa shule, ujifunze namna wanavyolala.

Félicité, anayeuza nyanya huko sokoni, atakuletea barua hii. Mpe jibu. Simu yangu naiona ikiwaka, lakini mambo ya namna hii hayasemwi mtandao ukikatika kila neno la pili.

Baba yako mkubwa,
Venant


Uvira, tarehe 12 Mei 2023

Baba mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa mikono miwili, na moyo ukatulia. Sisi tuko salama. Noella bado anaamka usiku mvua ikigonga mabati, lakini sikiliza: yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake kwenye safari. Amechora mwari nyuma ya kila daftari. Ameniambia, “Mama mdogo, nataka kuona maji yenye yanakaa pahali yao.” Nilitoka nje nikalia jikoni.

Majibu yako ni haya. Tutalala katika hangari la wavuvi, lina paa la mabati na limezungukwa na matete. Ziwa liko upande mmoja. Upande wa milimani kuna majani mengi, na huko ndiko viboko wanakokula. Choo kimeshikana na hangari lenyewe, na mimi nitawasindikiza. Watakaokesha ni Libérat na wenzake wawili, ambao kazi yao ni kulinda wageni hapo. Wazazi wote wamekubali. Wengine wamekwisha kuleta unga na dagaa.

Libérat alikuja darasani siku ya Jumatano. Ni mtu wa Mutarule, mrefu, mcheshi, aliwasalimia watoto “amahoro” wakamjibu kwa kelele. Akamwuliza Délice, yule mtoto asiyefunga mdomo:

“Weye, kiboko ikikuja karibu na pahali unalala, utafanya nini?”

“Minye? Nitamupatia kaye yangu ya hesabu. Akisoma ukurasa moja tu, atarudia mu maji mwenyewe.”

“Na akiisoma yote?”

“Basi atakuwa mwalimu!”

Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na mimi pia, unisamehe. Lakini baada ya hapo Libérat aliwaeleza vizuri: mnyama akikaribia, walinzi hupiga filimbi ndefu ili kumgeuza. Mtoto akisikia filimbi asinyanyuke, asiseme, alale vilevile kama gunia la mihogo mpaka mlinzi aseme imekwisha. Walirudia wote kwa pamoja.

Ijumaa ijayo, tarehe 19, tutalala uwanjani kama ulivyoagiza. Libérat atakuja na filimbi yake tufanye mazoezi. Safari yenyewe ni tarehe 9 Juni.

Paka goti lako mafuta ya mawese ya moto.

Mtoto wako,
Élisabeth


Runingu, tarehe 16 Mei 2023

Élisabeth,

Salamu zangu zitakuwa fupi. Barua yako nimeisoma jana jioni, nikaisoma tena leo asubuhi.

Filimbi!

Umesahau? Baada ya mafuriko ya mwaka 2020 niliwafundisha watoto hawa, kila mwezi, mpaka nilipostaafu, na wewe umeendelea baada yangu: filimbi ndefu ikilia, acha kila kitu, mkubwa amshike mdogo mkono, kimya, elekeeni mlimani. Niliwafundisha hivyo ili miguu ijue hata kichwa kikilala, kwa sababu mto Mulongwe ulitujia watu wakiwa usingizini.

Sasa fikiri. Huko hangarini, mlimani ni upande gani? Ni kwenye majani. Ni kwa viboko.

Usiwalaze Ijumaa kabla hatujazungumza. Nimejaribu kukupigia simu tangu asubuhi, mtandao haukubali. Mwambie huyo Libérat aiache filimbi yake nyumbani.

Baba yako mkubwa,
Venant


Uvira, tarehe 21 Mei 2023

Baba mkubwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Sisi tu wazima, wote, na nalitanguliza neno hilo makusudi ili usome yanayofuata bila kushika kifua.

Barua yako imenifikia jana. Maji yalikata barabara na Félicité alilala njiani na nyanya zake. Ijumaa ilikuwa imekwisha kupita.

Jioni yote mazoezi yalikwenda vizuri. Libérat alipiga filimbi, watoto wakalala kama magunia, hata Délice. Akapiga tena, hakuna aliyetikisika. Nilifurahi mno. Tukasali, tukalala kwenye mikeka. Tulikuwa tumekubaliana kwamba apige mara moja tena wakiwa usingizini, bila kuwaonya.

Akapiga.

Baba mkubwa, hakuna mtoto aliyelia. Hakuna aliyeita mama. Nilikuja kufungua macho, kufungua kweli, nikiwa nimesimama kando ya ukuta wa kanisa kule mlimani, miguu mitupu, nimemshika Noella mkono mmoja na mtoto mwingine mkono wa pili, na darasa zima liko nyuma yangu mistari miwili, kimya. Mlinda lango wetu, mzee Niyongabo, alikuwa nao mwisho wa mstari. Yeye ndiye aliyefungua lango, kama ulivyomfundisha. Hakumbuki kulifungua. Nami sikumbuki kupanda.

Ni mimi niliyekuwa mbele. Unaelewa? Ni mimi niliyewaongoza.

Libérat alibaki peke yake uwanjani kati ya mikeka, filimbi mdomoni. Alitufuata akihema. Sikuwahi kumwona hana mzaha. Akaniambia, “Madamu, hapa ni shule. Kule kwangu, njia hii mulikamata ni ya kiboko.”

Nimemwuliza kama wanaweza kutumia ngoma au kugonga bati. Anasema yeye anaweza, lakini kambi zote za wavuvi pale ufukweni hupiga filimbi, na hawezi kuziba mdomo wa kila mtu.

Hapakuwa na majeraha isipokuwa Délice aliyekanyaga msumari. Wazazi hawajajua yote. Direkta anasema tuendelee, kwa kuwa “watoto ni watoto.” Noella ameniuliza mara moja tu kama safari imekufa, kisha akarudi kuchora.

Nimeamua kuanzia kesho niwafundishe upya. Filimbi ikilia, lala. Nina wiki tatu.

Mtoto wako,
Élisabeth


Runingu, tarehe 24 Mei 2023

Élisabeth,

Namshukuru Mungu kwamba mu wazima. Baada ya hayo, nitasema yaliyo moyoni.

Mwalimu mzima, mwenye diploma, amekwisha kuonywa jioni nzima, anasikia filimbi anayoingojea, anakurupuka na kuongoza watoto gizani! Mtoto sitamlaumu. Wewe nakulaumu. Mtu mzima hutawala miguu yake. Kama huwezi kuitawala, huna haki ya kumlaza mtoto wa mtu kando ya Ruzizi.

La pili, na hili ni amri: usiwafundishe kulala filimbi ikilia. Ruzizi ni usiku mmoja. Mulongwe iko hapo kila mwaka. Ukiutoa mwendo ule miguuni mwao, siku mto utakaposhuka utawakuta wamelala kama magunia, wakimtii mwalimu wao.

Safari nayo sitaki kuiua. Nimemfikiria Noella, na maji yanayokaa mahali pake.

Kwa hiyo nimekata shauri moja. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kulala katika hangari hilo. Nitalala usingizi wa kweli, nao watapiga filimbi wakati nisioujua. Nikiweza kubaki chini, basi inawezekana akili iishike miguu, na nitakuja kuwaonyesha watoto namna ya kufanya. Nina miaka sabini na miwili na najua ninachokingoja.

Baba yako mkubwa,
Venant


Uvira, tarehe 26 Mei 2023

Baba mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na samahani. Amri yako imenifikia jana jioni, na jana asubuhi ilikuwa imekwisha kuchelewa.

Tangu Jumatatu nilikuwa nawafundisha. Baada ya chakula walilaza vichwa kwenye madawati, wakasinzia, mimi nikapiga filimbi polepole huku nikimwekea mkono kichwani yule anayetaka kushtuka. Walikuwa wanaelewa upesi. Noella kuliko wote.

Jana wingu jeusi lilikaa juu ya milima. Huku chini mvua haikunyesha hata tone. Halafu tukasikia Mulongwe ikinguruma na mawe yakigongana, na mzee Niyongabo akapiga filimbi, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Madarasa mengine yote yalitoka, mistari miwili, kimya. Darasa langu liligawanyika. Wengine walikuwa tayari mlangoni. Wengine walijitupa chini ya madawati. Délice alisimama katikati akizunguka, analia, “Madamu, ni ya wapi? Hii ni ya wapi?” Noella alikuwa sakafuni, mikono ubavuni, amefumba macho. Nilimvuta, akajikaza. Nilimbeba. Njiani aliniambia sikioni, bila hasira, “Mama mdogo, si ulisema tusitikisike?”

Maji yalipita chini ya daraja. Hayakuingia shuleni. Hakuna aliyeumia.

Tangu jana siwezi kushika chaki. Nimewafanya watoto wasijue. Kabla yangu walijua.

Nakuomba usiende kule Jumatatu. Goti lako si la kukimbia.

Mtoto wako,
Élisabeth


Mdomo wa Ruzizi, tarehe 30 Mei 2023, asubuhi

Kwako binti yangu Élisabeth,

Nakusalimu kwa upole. Barua yako niliipata kwa Félicité nikiwa njiani kuja huku, nikaisoma juu ya pikipiki, nikaendelea na safari. Nakuandikia nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Mwari wako hapa mbele yangu, wengi, wazito, kama mapadri wanaongoja chai. Noella angewapenda.

Usiku nilikunywa chai na Libérat na wenzake, nikawaeleza tena ninachotaka. Nilijilaza karibu na mlango. Nilijiambia kwa sauti, mbele yao, “Venant, filimbi ikilia utabaki chini.” Wakacheka. Libérat akasema, “Muzee, weye ni kama askari.” Nikalala.

Filimbi haikuwa ya mazoezi. Walinzi walikuwa bado hawajapiga ya kwao. Iliyolia ni ya kambi ya pili, kwa sababu kiboko alikuwa ametoka.

Nilikuwa nje, Élisabeth. Nina kiatu kimoja. Nilikuwa nimemkamata mkono kijana mmoja wa walinzi, ambaye sikumjua hata jina, namburuta kuelekea mlimani, na goti halikuuma. Libérat alinirukia akaniangusha kifudifudi kwenye matope na kunilalia mgongoni. Mbele yetu majani yalifunguka. Sikumwona mzima. Niliona ubavu wake ukipita, ukipita, kama ukuta unaotembea, na nikasikia akipumua. Kisha maji yakampokea.

Yule kijana alikuwa bado amenishika mkono. Naye anatoka kwa watu wa Mulongwe. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa mwanafunzi wangu.

Yale niliyokuandikia juu ya mtu mzima na miguu yake, yafute. Nakuomba radhi. Tuliyowafundisha watoto yamewaingia, nayo ndiyo yatakayowaokoa watoto huko mjini, na ndiyo yatakayowaua huku. Sijaona bado namna ya kuwa na yote mawili. Libérat anasema labda mchana tu, warudi kabla ya jua kuzama. Lakini alfajiri ndipo ndege wanapokusanyika, na Noella hajaomba mchana.

Direkta amenipigia simu leo. Amesema wazazi wamesikia, wana mkutano Jumapili baada ya misa, na wamekubaliana kwamba nitakachosema mimi ndicho kitakachofanyika. Sikufurahi kuambiwa hivyo. Nina siku chache za kufikiri, na nitabaki huku usiku mmoja zaidi.

Kwa sasa fanya haya. Usifundishe lolote jipya. Waambie watoto, kila asubuhi, kwamba filimbi ni ya mlimani, mpaka waache kuuliza. Na usiku, mvua ikigonga mabati, usimngojee mzee Niyongabo wala filimbi ya mtu yeyote. Mshike Noella mkono, mpande mlimani, hata kama mtapanda bure.

Safari msiifute, wala msifunge mizigo. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako mkubwa,
Venant