Nguo ya Safari Uliyonyimwa

Mwaka umetimia leo, Baba Senanu Agbotse, tangu tukuzike hapa Agbozume, mji wa wafumaji, na hasira yetu haijapoa hata kidogo.

Ulikuwa mpole kwa watu, mkali kwa uzi. Mteja ulimlisha ugali wa akple kwanza, ndipo mkapatana bei. Aliyekuharakisha ulimwambia, "Bibi, nafuma kwa mikono miwili na vidole vya miguu. Kama unavyo vya ziada, vilete!" Ukikosea uzi mmoja, ulifumua kazi ya siku nzima huku ukinung'unika. Mama akikuita kula, uliitikia "nakuja" mpaka supu ya bamia ikapoa.

Miaka arobaini ulifumia watu nguo za harusi na za mazishi. Yako uliianza ulipougua: mikanda myembamba ishirini na minne uliyoifuma, ukaiunga kwa sindano mwenyewe ikawa nguo moja. Ukamkabidhi Mama. "Dzigbodi, hii ndiyo ya safari yangu. Usinizike na nyingine."

Ulipofariki, Mama aliwapa wanaume wa ukoo nguo hiyo wakuvike, maana mjane haingii chumba cha kuvikia maiti. Ufunguo alishika Mawutor, mdogo wako wa tumbo moja. Kikulacho ki nguoni mwako! Ulipolazwa tukuage, Mama alishika pindo, akaligeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweupe. Mfumaji wa Agbozume amevikwa kitambaa cha kiwandani, kilichochapwa upande mmoja!

"Shemeji, nguo ya mume wangu iko wapi?"

"Nimemuuzia mchuuzi. Aa, mke wa kaka, si ingeoza tu? Maiti atajua imefumwa au imechapwa?"

"Katika maiti wote wa mji huu, huyu ndiye atakayejua."

Wazee wakasema tunyamaze, maiti asicheleweshwe. Tukanyamaza. Hilo ni kosa letu, Baba, na tunakuomba msamaha.

Mwaka mzima tumeitafuta. Mchuuzi anasema imekwenda ng'ambo.

Juzi Mawutor alituma mtu: jina lake litangulie orodha ya wafiwa kwenye tangazo hili, kama ilivyo haki ya ndugu wa marehemu. Tumemrudishia jibu kwamba halitatangulia wala halitafuata.

Unakumbukwa na mkeo Dzigbodi; wanao Enyonam, Elikem na Sitsofe; dada yako Kafui; na wafumaji wote wa uani kwako.

Daima tutakukumbuka, Baba. Na daima tutakumbuka ulichozikwa nacho.