Mrithi wa Jina la Fundi Saa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, umeinama mezani na lenzi jichoni, unazihimiza saa za watu ziende. Mgongo unasemaje siku hizi? Sisi huku hatujambo, na mkweo anakuamkia.

Baba, siku ya harusi yangu Baba Mdogo, mwenye wana sita wa kiume, alisimama mbele ya wageni akasema nyumba yako ni ya mabinti watupu, na jina lako utazikwa nalo. Watu wakacheka. Nawe ukacheka. Kicheko chako kiliniuma kuliko maneno yake.

Basi mimba ilipokua nilijifunga kibwebwe, nikamfuata mama mkwe kwenye chumba chake cha kuokea mikate. Nikamsihi jina lako liwemo katika jina la mtoto, hata katikati, hata kwa kujibana. Akaacha kukanda unga, akaniuliza kwani mimi niliokotwa jalalani, hata nikose jina la baba la kumpa mtoto? Akasema kwao mtoto wa kiume huchukua jina la ukoo wa babake, wa kike huchukua la ukoo wa mamake, naye humpa binti yake, na binti naye wake. Hata jina lililo juu ya mlango wa duka lao la mikate ni la mamake bibi yake. Kisha akanifukuza, mikate isije ikaungua. Mkweo nilipomuuliza mbona hakuniambia, alisema hakujua kuna watu wanaofanya vingine. Mwanamume huyu!

Sasa niungame. Ulipoandika kwamba unaniombea mtoto wa kiume, sikuitikia amina. Niliomba wa kike, tena kwa ubishi, usiku na mchana. Nisamehe kwa kushindana na dua ya mzazi.

Lakini nimekushinda, Baba! Amezaliwa jana asubuhi, binti, mwenye sauti ya mnadi. Leo muuguzi ameita jina lake lote, na la kwako mwishoni, mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, sikuona haya.

Msalimie Mama, dada zangu wote wanne, na majirani waliokuwepo harusini, hao hasa. Baba Mdogo naye msalimie, umwambie bado tunazaa mabinti.

Ni mimi mwanao, Kidomo,
na huyu aliyelala kifuani pangu, mwenye jina lako.