Ugali Unaokatwa kwa Uzi

Brasov, Rumania
9 Februari 1975

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta hapo Mpui ukiwa mzima, na kwamba goti linakuacha ulale. Mimi sijambo, ila baridi ya huku usiombe. Ile yetu ya Julai ni mchezo wa watoto. Stefania mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma pole pole na usiruke mahali.

Barua yako nimeipata, mama. Umeuliza kama unga wa ulezi ulionipa umekwisha, na umesema kuna bwana mmoja wa Sumbawanga anakuja huku mwezi wa nne, utampa mwingine aniletee. Najua mvua zilivyowatenda mwaka huu, na kijiji kipya kilivyo mbali na shamba letu la zamani. Kwa hiyo lazima nikujibu kabla hujagusa ghala.

Kwanza nikueleze nilivyokuwa. Chuoni tunakojifunza matrekta wanatulisha vizuri, supu na mkate, lakini tumbo langu lilikataa katakata kuelewa kwamba mkate nao ni mlo. Jumapili jiko linafungwa, na hoteli za mjini ni za wenye nazo. Nilikonda hata suruali ikawa inashikwa na mkanda tu. Mwezi wa kumi na moja nilikwisha kuandika barua ya kuomba nirudishwe nyumbani. Kijiji kizima kilinichagua mimi, na mimi nilikuwa narudi kwa sababu ya hamu ya ugali.

Jumapili moja nilipita kwenye soko la wakulima, nikasikia harufu. Harufu ile naijua tangu mgongoni mwako. Nikaifuata hadi kwa bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, amesimama mbele ya chungu cheusi cha chuma, anasonga. Ugali, mama, wa mahindi ya manjano, kwa mwiko mrefu, mikono miwili, jasho linamtoka katikati ya theluji. Niliduwaa. Nimepanda ndege siku nzima, nikavuka bahari, nikamkuta Mzungu anasonga.

Akaupindua juu ya ubao ukakaa mviringo, akachukua uzi, akaukata vipande kwa huo uzi. Sijawahi kuona jambo kama lile. Akanipa kipande kikubwa, maharage na maziwa mgando, kwa bei ndogo kuliko stempu ya barua hii. Nikanawa kwa theluji, nikamega tonge, nikachovya. Waliokuwa wanakula kwa vijiko wakanitazama. Yule bibi akaniuliza kwa lugha yao, ambayo sasa naisikia kidogo, nani alinifundisha kula vile. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema marehemu baba yake alikula hivyo hivyo, akaniongezea kipande cha bure. Machozi yalinitoka pale pale, wala sikuyaficha.

Anaitwa Ileana, na kila Jumapili niko kwake. Ile barua ya kurudi niliichana. Mwenzangu Ambilikile, wa Tukuyu, naye sasa hakosi. Anasema ukifumba macho uko kwenu. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba bibi yule anasonga katikati ya mji, mbele ya watu wenye makoti ya thamani, na haoni haya hata chembe.

Hilo ndilo limenisuta. Mama, unga wako haukufika huku. Tulipokuwa Dar tukisubiri ndege, wenzangu waliufungua, wakauliza kama unga mweusi wa Mfipa ni dawa ya kutupia watu radi. Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Asubuhi nikaumwaga nyuma ya hosteli. Halafu barua mbili nzima nimekuandikia kwamba nausonga kila Jumamosi na ni mtamu. Nilikudanganya. Wala si unga niliouonea haya, ni wewe.

Nisamehe, mama. Usitume mwingine, uleni nyinyi. Nikirudi mwakani nitapiga magoti mwenyewe kwenye jiwe la kusagia, nje, mchana kweupe, nisage ulezi nikusongee. Atakayesema mwanamume hasagi, aje atazame.

Nisalimie baba mdogo Wilibrodi na shangazi Kalista, na jumuiya yote ya kanisani. Stefania, niandikie mama amesema nini. Kama hakusema kitu, niandikie hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao,
Felisiani