Goti Langu na Chai ya Mteremkoni

Jumatatu, 3 Machi
Bureti nzima hakuna mtu wa bahati kama mimi. Tangu goti la kulia lianze kuuma, mwaka mzima sijashika jani. Mama Chebet, bibi yangu, anachuna chai peke yake kule mteremkoni. Mimi kazi yangu ni kibarazani, kuangalia ukungu ukipita juu ya majani. Nimeishi Nairobi, nimeogelea Mombasa, sinema kama hiyo sijaona.

Jumanne, 4 Machi
Bibi amesema polepole: "Baba Chebet, mgongo wangu umechoka. Mwezi ukiisha kama hujashuka, nakodisha hiyo chai." Chai aliyopanda marehemu baba! Nimecheka. Lakini ugali nimeuacha sahanini.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali, Kapkatet. Dada wa tiba ya mazoezi amebonyeza goti. Anasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, ila kukaa ndiko kunaniharibu zaidi. Misuli ya paja imelala, goti halina wa kulishika. Niinuke kitini bila kujishika, mara kumi, asubuhi na jioni. Nitembee kidogo kila siku. Maumivu madogo yasinitishe.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi ni ya watoto. Nimeinuka mara mia. Si ni kama kilo za majani, ukizidisha unaongeza bonasi ya kiwandani?

Ijumaa, 7 Machi
Goti kama boga. Nimelala mchana, nikaota miguu yangu ni mashina ya chai. Watu wananichuna, wananichuna, na hakuna kinachouma. Sikutaka kuamka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi kwa dada. Amecheka hadi akafuta macho. "Mzee, goti halina bonasi. Leo tano, kesho tano. Ukizoea, ongeza."

Jumapili, 16 Machi
Nane. Nikiinuka, ukungu nao unainuka bondeni. Tunapokezana. Nimetembea hadi kanisani. Liliuma, likatulia.

Jumatano, 26 Machi
Jirani anayetaka kukodi amekuja kuangalia chai. Amepita mistari yote akiinamia majani kama ni yake tayari. Mimi wa kutania kila mtu, nimeingia ndani.

Ijumaa, 28 Machi
Nimeshuka. Fimbo, hatua, pumzi. Ukungu kiunoni, kama naelea. Bibi alinionyesha mstari wa juu, penye tambarare. Nusu kikapu. Jioni amemwambia jirani asirudi.

Sasa amelala, mkono mgongoni.

Sikuwa na bahati yoyote. Niliogopa maumivu, nikamwachia mzigo wa watu wawili.