Mama, Mijakaranda Bado Imesimama

Mama,

Nianze na lile ambalo ungeuliza kabla hata ya kuuliza habari za wajukuu: mijakaranda ya avenyu yetu bado imesimama. Tulikaribia kupoteza upande mzima wa kushoto, kutoka kwa shefu wa avenyu mpaka kwa Papa Kasongo, lakini imesimama. Sasa tulia nikueleze vizuri.

Shida ilianzia kwenye kilio chako, kwenye matanga yako mwenyewe. Cheka kama unaweza. Watu walikuja wengi, Mama. Waliotoka Kabongo, waliotoka Malemba, wanafunzi wako wa zamani ambao siku hizi wana vitambi na magari. Tulifunga hema la plastiki katikati ya barabara, wamama wa kanisa wakaketi kwenye mikeka, na magari yakapanda juu ya majani yako ya kando ya barabara, ambayo hukumruhusu hata pasta ayaguse kwa gurudumu. Niliona. Lakini nani anamwambia mtu aliyekuja kulia aondoe gari lake? Kwetu jambo hilo halisemeki. Nilikaa pale chini na kitambaa kichwani, nikisikia matairi yanasaga udongo juu ya mizizi, nikawa na misiba miwili kwa wakati mmoja.

Kilio kikaisha, wageni wakarudi kwao, tabia ikabaki. Watu wa avenyu walikuwa wameona kwamba inawezekana. Mmoja akaliacha gari lake juu ya majani, mwingine akamfuata. Pikipiki zikaegemezwa kwenye vigogo, oili ikamwagika, magome yakachubuka. Udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji hayakuwa na pa kuingia, yakateremka moja kwa moja mpaka kwa jirani yetu Mama Mbuyi na kulowesha unga wake wote wa kuuza. Alisimama mlangoni na ndoo, akaniambia, "Madame angekuwako, haya hayangefika." Nikaona haya, kana kwamba ni mimi niliyekuwa wingu.

Mimi nilidhani miti inasimama yenyewe. Kumbe ni wewe uliyekuwa unaisimamisha kila siku, kwa maneno, kwa utani na kwa ule ujanja wako wa ualimu.

Nakumbuka ulivyoipanda. Ile iliyopandwa na wazungu ilipozeeka na kuanguka mmoja baada ya mwingine, ulichukua miche kwenye ua wa kanisa, ukapita nyumba kwa nyumba. Hukuomba ruhusa. Ulibisha hodi ukasema umemletea mwenye nyumba ndoyi wake, yule wa kubeba jina lake, kama mtoto anavyoletwa kwa yule ambaye jina lake amepewa. Na nani kwetu anamkataa ndoyi? Mtu akipewa ndoyi analeta kitenge, analeta sabuni, anauliza habari zake. Basi mche wa mbele ya nyumba ya Papa Kasongo ukaitwa Kasongo, na yule mzee mkali, ambaye hata salamu huirudisha kwa deni, akawa anatoka asubuhi na ndoo ya maji huku akinung'unika. Ulikuwa unamchungulia dirishani ukicheka mpaka unafuta machozi. Mama, wewe ulikuwa mtu hatari. Sijaona mwingine aliyewafungisha kazi watu wakubwa namna ile, na wao wakaona ni heshima.

Wala hukuyachukia magari. Hilo wengi wamelisahau. Papa Kasongo aliponunua gari lake dogo la kwanza, wote tulingoja ugomvi. Wewe ulifungua kitenge chako cha juu pale pale barabarani, ukakinyoosha kutoka kigogo hadi kigogo, kisha ukakinyoosha ubavuni mwa gari lake. Nakusikia mpaka leo: "Minyi siko na shida na motokari, Papa. Ona, inaenea, inatosha hapa katikati. Ibakie fasi yake, na muti ibakie fasi yake." Akaweka matofali ya kukanyagia matairi, mizizi ikabaki salama, na gari likapata kivuli.

Sasa, Jumapili moja baada ya ibada, shefu wa avenyu alituita uani kwake. Alisema magari yameongezeka, nyua zetu ni nyembamba, na gari likiachwa mbali wezi wanang'oa vioo na betri. Sikuweza kumbishia, kwa sababu ni kweli. Akasema dawa ni kukata upande wa kushoto wote, tupate pa kuegesha. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Wewe ungesimama ukaongea, mimi sina sauti yako. Nilichokuwa nacho ni kitenge chako cha kijani, nilikuwa nimekivaa siku hiyo. Nikakifungua, nikamwomba Mama Mbuyi ashike upande wa pili, tukatoka barabarani na mkutano wote nyuma yetu.

Tukapima nafasi zote kati ya miti, na kila mwenye gari akajisimamia pale litakapokaa. Tukakubaliana: matofali chini ya magurudumu, mawe ya kukinga majani, na pikipiki zisiegemee kigogo tena. Magari yote yakaenea, Mama. Yote, isipokuwa kamiyo ya Papa Kasongo, lori lake, ile inayoleta mahindi tunayokula sisi wote. Hiyo haikuenea popote. Ikiendelea kupanda mizizi, itaua miti mitatu ili ipate kupumzika. Ilihitaji pengo, yaani mti mmoja utoke.

Basi kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Papa Kasongo mwenyewe akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Ya kwangu hapana. Iko ndoyi yangu. Nikiikata, bantu bataniita jina gani?" Hakuna aliyecheka. Shefu naye hakuweza kuutaja wa kwake. Mama Mbuyi alikuwa amekwisha kuegemea wa kwake, mgongo wote.

Nikasema, "Mukate Ngoie."

Ule wa mbele ya mlango wetu, Mama. Wenye jina langu. Nilisema kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikurudi nyuma, kwa sababu kama ningewaomba wao watoe na mimi nizuie, maneno yako yote kwenye avenyu hii yangekufa mchana ule.

Siku ya kukata nililia. Sikujificha. Papa Kasongo alileta watu wa shoka, akavua kofia, akanishika mkono akaniambia pole kama mtu aliyefika msibani. Mama Mbuyi akatandika mkeka, wengine wakaja na bukari, ugali wetu, na samaki, tukakaa mpaka jioni tukiongea habari zako. Sijui kama kuna mahali pengine duniani watu wanakaa kilio cha mti. Walikuwa wamejaa, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga majani.

Mchana sasa jua linaingia sebuleni mpaka ukutani. Mwanzoni liliniudhi. Kisha nikakumbuka ni kwa nini uliniwekea mti ule. Nilikuwa naondoka kwenda kusoma Lubumbashi, ukasema nyumba isikose mtu wa kuitikia jina hilo mlangoni mpaka nirudi. Nilirudi, Mama. Nilichelewa kulisema nawe ukiwa hai, basi nalisema sasa: nimerudi na siondoki. Ukiita Ngoie, ni mimi mwenyewe nitakayeitika, na hao wengine waliobaki na majina ya watu, nitawalinda kwa kitenge na kwa domo, hata nikizeeka na kuwa mkali kuliko Papa Kasongo.

Kwaheri, mama yangu. Lala bila wasiwasi wa barabara.

Ngoie wako, wa mlangoni