Nimeachia Kamba, Neema

Mwanangu Neema,

Umekula? Naanza na hilo kwa sababu kazi ikikubana unasahau tumbo. Huku Kongwa mtama umekauka vizuri, yule mbuzi mweusi kazaa, na mgongo wangu haujambo.

Unakumbuka bomba lilipoharibika tukarudia kisima? Ulikuja likizo na kompyuta yako mgongoni. Tuko uani tunachambua mlenda, simu ikalia. Ni bosi wako wa Dodoma mjini: watu hawawezi kukata tiketi za basi, programu imeganda. Sauti yake niliisikia hata mimi. "Ongeza nyuzi, Neema! Ongeza!" Nawe ukamjibu taratibu, "Bosi, nikiongeza, nazo zitaganda. Acha kwanza nione hizi zinasubiri nini."

Nikakuuliza, nyuzi gani tena hizo? Hukunicheka. Ulisema ndani ya seva, ile mashine inayohudumia watu, nyuzi ni kama wahudumu. Kila anayekuja na shida yake anapewa mmoja. Wote wakikwama, aliye mlangoni hasikilizwi.

"Kwa hiyo imekufa?"

"Haijafa, mama. Inasubiri."

Ukaiambia mashine ikuonyeshe kila uzi unafanya nini. Maandishi yakamiminika, ukawa unayafuata kwa kidole chenye utelezi wa mlenda. Kisha ukasema, huyu kashika kitu anasubiri cha mwenzake, na mwenzake kashika hicho anasubiri cha huyu.

Nikakwambia, he! Si ndio Mama Chiku na Mama Yohana hao? Asubuhi ile ile walitukwamisha kisimani, mmoja kashika kamba, mwingine kashika ndoo ya kuchotea.

"Nipe ndoo nichote."

"Nipe wewe kamba."

"Mimi nimetangulia!"

"Umetangulia kuzaliwa, kufika nimefika mimi!"

Madumu yamepangwa mpaka njiani, na maji yako chini yametulia tu. Ulicheka mpaka ukakilaza kichwa begani kwangu. "Ndiyo hiyo hiyo, mama!" Ukasema utazipanga nyuzi zako zote zianze na kamba, ndipo ziguse ndoo, na uzi utakaosubiri mno uachie, urudi nyuma, ujaribu tena. Jua halijazama, watu wakawa wanakata tiketi zao, na wewe umemaliza ugali hadi wa kwenye sahani yangu.

Halafu ikaja Pasaka. Tumesimama kwenye kaburi la baba yako, mchungaji anaomba, simu yako ikalia na ukaondoka kwenda kuipokea. Uliporudi nikakwambia neno lile, kwamba kompyuta ndiyo mama yako. Ulibeba begi ukaenda stendi.

Tangu siku hiyo huniamkii, nami sikupigii. Nilijiambia, mtoto ndiye anayeamkia. Nimeikalia marahaba yangu, nangoja shikamoo yako ije kwanza. Simu ikilia naikimbilia na mikono ya unga, nakuta ni watu wa kwaya wananiuliza habari za mazoezi. Sasa dada yako Rehema katoka huko kwako Area D, kaniambia hulali vizuri, kila siku unashika simu unaiweka. Eti unangoja mimi nikuite, ndipo ujue hasira zimeisha.

Nilikuwa nachambua mlenda, bila wewe, alipokuwa akinieleza. Nikauacha. Nikajiona mimi nimeng'ang'ania kamba na wewe ndoo, mwanangu, na kiu inatuua wote wawili.

Watasema mkubwa hatangulii. Waseme. Wao hawana mtoto Area D asiyelala.

Basi ninaachia mimi. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu wa darasa la nne, Rehema atakuletea. Ukiisoma usitafute maneno mazuri ya kunijibu. Pokea kwanza hili nililokuwa nimelishika:

Marahaba, Neema. Marahaba, mwanangu.

Nimeitikia. Sasa niamkie.

Mama yako,
ninayekusubiri na ugali