Kopo la Bati Kwenye Nguzo

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miezi saba na siku tisa tangu niondoke Rungwe. Mvua toka alfajiri. Tumebandua magome ya magogo mpaka saa nane, kisha tukabeba mabanzi. Bega la kulia limevimba.

Simu iko kwenye nguzo. Kambi yote hii ya mbao, mtandao unafika hapo tu, kwa hiyo kila mtu anatundika simu yake hapo. Ukiishusha, unakatika. Mtu anaongea amesimama, spika wazi, na wote wanasikia ya nyumbani kwake. Wenzangu wanafunika simu zao kwa mfuko wa nailoni. Mimi niliokota kopo la rangi, la bati, lina mfuniko wake. Nilijiona mjanja. Nilidhani bati litauvuta mtandao kama dishi la televisheni.

Wiki ya pili sasa hakuna aliyenipigia. Niandike ukweli. Nimeshukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Sababu ya kushukuru ni hii. Nilimwambia mke wangu, Atupele, kwamba nimepewa usimamizi. Uongo. Mwezi wa pili akapiga wakati wa chakula, spika wazi, watu wote wamekaa. "Baba Subi, kwaya imekuombea. Si wote wanaojaliwa usimamizi." Mgaya, ninayebeba naye mabanzi, alipaliwa na ugali. Toka siku ile sina jina lingine.

"Msimamizi, shika huku."

"Msimamizi, umelowa. Katibu wako hana mwavuli?"

Nikaacha kupiga nyumbani. Nikipiga, ni haraka haraka, nasema netiweki inasumbua.

Simu inaisha chaji kwa siku moja. Zamani siku tatu. Labda betri imekufa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Mama Vumilia simu aichaji kwenye sola ya jikoni. Ndiye mpishi wetu, Mhehe wa Kilolo. Zamani aliwapikia mafundi waliosimamisha minara. Akauliza inalala wapi. Nikamwonyesha kopo. Alicheka mpaka akakaa juu ya kuni.

"Kaka yangu, umeifunga jela! Bati halipitishi. Humo ndani inapiga kelele kutwa nzima kuutafuta mnara. Chaji isiishe kwa nini?"

Akanieleza taratibu. Mimi nilidhani vile vijiti vinne vya juu kwenye kioo ni nguvu ya simu. Kumbe vinaonyesha simu inavyousikia mnara. Mnara ni kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Kilima kikikaa katikati, humsikii. Misonobari ikilowa, inainywa sauti. Na kuna wakati wewe unausikia mnara ila wenyewe haukusikii, maana simu ina sauti ndogo. Nguzo yetu inafaa kwa sababu mbele yake miti imekatwa.

Shule niliachia darasa la tano, lakini hili nimelielewa lote.

Jioni nikarudi kwenye nguzo. Nikaitia simu kwenye kopo kabla haijashika mtandao. Nikafunga mfuniko.

Jumatatu, 10 Machi

Sijafungua. Juzi nilikuwa mjinga. Leo si ujinga tena.

Mama Vumilia ameliona kopo. Nimeshindwa kumaliza ugali wake.

Jumatano, 12 Machi

Amelifungua yeye, akaichaji simu, akaitundika tena kwenye nguzo. Simu ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, haikomi. Akaja nayo mpaka kwenye magogo. "Nyumbani wanakutafuta," akasema, akaondoka.

Zote za Atupele. Kidonda cha mama kwenye kidole cha mguu kimeoza. Daktari anataka kukikata kidole. Baba mdogo amekataa. Katika ukoo wetu mzazi hakatwi kiungo mpaka kifungua mimba atoe neno. Kifungua mimba ni mimi.

"Jibu, baba Subi."

"Jibu hata neno moja."

"Kimepanda mguuni."

Nikakimbilia kwenye nguzo, nikaandika: Wakate, nimesema mimi. Mvua inapiga. Vijiti viwili, ujumbe hauendi. Mara tatu hauendi. Nausikia mnara, haunisikii. Nikapanda juu ya rundo la magogo, mkono juu, nateleza. Mgaya akanishika miguu. Hakuniita Msimamizi. Ukaenda.

Ijumaa, 14 Machi

Atupele ameandika: Wamemkata jana. Chini ya goti.

Kingekuwa kidole.

Jumapili, 16 Machi

Nimepiga. Watu walikuwa wanafua hapo karibu na nguzo. Nilitaka kusubiri waondoke. Sikusubiri.

Mama ana sauti ndogo. "Ambakisye, usijisumbue moyo. Niliwaambia hawa wote, baba yako mdogo nikamwambia. Ni netiweki hiyo. Mwanangu hawezi kunyamaza."

Kila siku pale kitandani alikuwa ananitetea.

Nikasema, "Mama, netiweki ilikuwepo. Niliifungia simu mwenyewe. Nilikuwa naona aibu. Mimi si msimamizi. Nabeba mabanzi."

Akanyamaza. Nikadhani imekatika. Vijiti vilikuwa vitatu. Hakuna aliyecheka. Mgaya aliinamia beseni lake.

"Unabebea bega gani?" mama akauliza.

"La kulia."

"Badilisha, baba. Utaharibika."

Kisha akasema amechoka, akampa Atupele simu. Nilimsikia anapumua, halafu akakata.

Sitaandika zaidi leo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imepumzika. Kopo nimempa Mama Vumilia, anawekea chumvi. Simu naitundika kwenye nailoni kama wengine.

Nimeomba vipande viwili vya mbao kavu, nachonga magongo ya kwapani. Mama ananifika begani, kwa hiyo nimepima kwangu nikapunguza. Mgaya amepiga msasa pale pa kushikia.

Lori la mbao linaelekea Mbeya Jumamosi, nimepata nafasi juu ya mzigo. Nimemwandikia Atupele. Ujumbe umeenda mara moja. Hajajibu. Jumapili, kabla ya ibada, nitakuwa nyumbani.